Profesa Kyalo na Vita vya Baba Yake

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka, mwanangu, hata sasa ambapo natafuta miwani nayo iko usoni. Siku hiyo nilikemewa kando ya barabara ya vumbi itokayo Ndithini, na aliyenikemea hakupaza sauti wala hakukunja uso. Kemeo lile limenilea kuliko vyeti vyote nilivyotundika ukutani. Alikuwa mwalimu wangu, Profesa Kyalo, bingwa wa historia ya vita. Tulimzika mwaka jana nyumbani kwake Katelembo, na tangu hapo vijana hunijia na kuniuliza, "Mwalimu Nduku, huyo mzee alikuwa mtu wa namna gani?" Basi keti. Chai iko jikoni, na haraka sina.

Kyalo alizaliwa Katangi, kule Yatta, baba yake akiwa Burma katika vita vya pili vya dunia. Kwa Kikamba kyalo ni safari, na mama yake alimpa jina hilo kwa ajili ya safari ya mumewe, ambayo hakuna aliyejua kama ilikuwa na kurudi. Ilikuwa nako. Baba, Mzee Muthiani, alifika nyumbani akiwa na koti zito la jeshi, kovu pana la moto mgongoni, na hadithi. Alisimulia kwamba kwenye kona ya mto mmoja huko Burma kikosi chao kilikwama mbele ya bombom, ile bunduki itemayo risasi bila kupumua. Wenzake walilala chini wakangoja kufa. Yeye akatambaa kwenye matope, akamrukia Mjapani aliyeishika, akaipokonya, na kikosi kikavuka. Lile kovu, alisema, ni moto wa siku hiyo.

Hadithi ile ilimpa kiti. Siku ya soko wanaume walimpisha aketi kivulini. Kwenye baraza chifu alimwita mbele. Watoto waliimba jina lake wakichunga mbuzi, na mwanawe alikua akijua kwamba yeye ni mwana wa simba. Hata nafasi ya kusoma ilipopatikana moja tu katika shule ya misheni, chifu alisema, "Apewe mtoto wa shujaa." Ndivyo Kyalo alivyoingia shuleni, miguu mitupu, kichwani amejaa vita.

Akili alikuwa nayo mwenyewe, hiyo hakupewa na chifu. Alitoka misheni akaja sekondari hapa Machakos mjini, akaenda chuo kikuu Nairobi, akavuka hadi ng'ambo kusomea udaktari wa historia ya vita. Habari hizo zilipofika Katangi, mama yake, ambaye sote tulimwita mwaitu, yaani mama, alilia akidhani mwanawe amekuwa askari. Alipoelezwa kwamba hapana, anasoma tu habari za vita vilivyopiganwa na watu wengine, alilia tena. "Yaani ameenda mbali hivyo kusomea ugomvi?"

Aliporudi watu hawakujua wamweke wapi. Daktari asiyetibu, mjuzi wa vita asiyewahi kushika bunduki! Chifu mmoja alimwomba eti awafundishe vijana kuvizia wezi wa ng'ombe. Kyalo alicheka mpaka akatoa leso. Yeye alikuwa na neno moja lililomchoma. Katika vitabu alivyosoma ng'ambo, kila afisa mzungu alikuwa na jina na cheo, na hata farasi wake alikuwa na jina, lakini maelfu ya vijana waliotoka Ukambani na kwingineko katika Afrika Mashariki waliandikwa kama mzigo: askari kadhaa walipelekwa, askari kadhaa walikufa. "Tutawarudishia majina yao," alituambia darasani siku ya kwanza. "Na majina hayo hayako kwenye maktaba. Yako kwenye boma za wazee, nao wanaondoka."

Nilikuwa mwanafunzi wake wa shahada ya pili wakati huo, binti mwembamba mwenye maneno mengi, na akanichukua niandamane naye katika utafiti. Laiti ungemwona akifanya kazi! Hakuingia boma la mzee mikono mitupu. Alibeba sukari na majani ya chai. Siku ya kwanza hakutoa kinasa sauti kabisa. Aliuliza habari za mvua, za mbuzi, za watoto. Akirudi mara ya pili ndipo angeuliza mambo ya vita, na hata hapo hakumwuliza mtu kama alikuwa shujaa. "Ukimwuliza mtu kama alikuwa shujaa," aliniambia, "umeshamfundisha kusema uongo. Mwulize alilala wapi. Mwulize viatu vyake vilikuwaje." Na wazee wakafunguka. Nimemwona mtu aliyekuwa hasemi hata na wanawe akizungumza adhuhuri nzima, machozi yakimtiririka, huku Profesa amemshika mkono kama mtu amvushaye kipofu barabara.

Kitabu alichokuwa akiandika juu ya askari hao kilikuwa karibu kukamilika. Sura ya kwanza ilikuwa ya baba yake na ile bombom ya mtoni. Wachapishaji wa ng'ambo waliipenda mno, mwana msomi akisimulia ushujaa wa baba. Chuo nacho kilingoja kitabu hicho ili kimpandishe cheo awe profesa kamili. Kilichobaki ni kumpata shahidi mmoja au wawili waliokuwa kikosi kimoja na Mzee Muthiani, ndipo tukaambiwa yupo mmoja Ndithini, anaitwa Mzee Mulwa.

Tulimkuta akipalilia mbaazi, mzee mfupi, mkavu, macho maangavu. Mara hii hatukuhitaji ziara ya pili, kwa maana aliuliza mwenyewe, "Na wewe ni wa nani?"

"Mimi ni wa Muthiani, wa Katangi."

Jembe lilianguka. Mzee alimshika Profesa uso kwa mikono yote miwili, mikono yenye udongo, akamtazama. "Aiya! Mwana wa mpishi wetu! Ngai ni mkubwa. Njooni muone mtoto wa mpishi!"

Profesa alitabasamu. "Labda ni Muthiani mwingine, mzee. Baba yangu alikuwa mpiganaji."

"Muthiani ni wangapi? Yule mrefu. Ako na kovu ya moto hapa." Akajipapasa mgongo. "Hiyo kovu ndiyo ilinilisha."

Tuliketi. Akasimulia bila kuombwa. "Mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa. Sisi tuko juu kwa kilima, Wajapani wako ng'ambo ile. Chakula ilikuwa inaangushwa na ndege, na sasa mawingu yamefunga, ndege haioni. Watu wakaanza kutafuna majani. Basi huyo baba yako, huko chini, akakusanya unga yenye ilibaki, akapika uji. Akabeba debe mgongoni, kamba kwa kichwa, vile mama zetu hubeba maji. Akapanda, risasi zinapita. Akateleza, uji ikamwagikia mgongo, ngozi ikatoka. Lakini debe hakuangusha! Alifika akilia, akatugawia akilia. Kama si hiyo uji, hungenikuta hapa kwa shamba."

Kinasa sauti kilikuwa kinazunguka. Nilimwangalia Profesa, alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango ukigongwa mbali. Kisha akauliza polepole, "Na ile bombom ya kwenye kona ya mto, mzee?"

"Hiyo ni Nzuki aliichukua. Nzuki wa huko huko kwenu Katangi, kwani hamumjui? Alitambaa kwa matope akaifikia. Sisi tukavuka. Lakini yeye alipigwa tumbo, hakuliona jua likitua. Baba yako ndiye alimshika kichwa mpaka mwisho. Walikuwa chanda na pete, hao wawili."

Mimi sikumjua Nzuki. Profesa alimjua. Binti wa Nzuki, Mbithe, aliuza kunde na nafaka katika soko la Katangi, na Katangi nzima ilijua kwamba baba yake alikufa kwa homa huko Burma kabla hata ya kufyatua risasi. Aliyeleta habari hizo kwa mjane alikuwa Mzee Muthiani. Mbithe alikuwa mtoto mchanga baba yake alipoondoka. Maisha yake yote alipima kunde huku hatua chache kutoka kwake mtu akishangiliwa kwa tendo la baba yake, naye hajui.

Tuliaga. Profesa aliendesha gari kidogo, kisha akalisimamisha kando ya barabara. Vumbi letu wenyewe likatupita. Nami, mwanangu, kwa kumhurumia, nikafungua kinywa. "Mwalimu, wazee husahau. Huyu ni mmoja tu. Tunaweza kuiacha hii kaseti, tukaendelea na sura ilivyo. Nani atajua?"

Alinigeukia. "Nduku, kama Muthiani angekuwa baba wa mtu mwingine, ungeniambia niache?"

Nikaitazama kaseti iliyokuwa mapajani mwangu.

"Basi historia isiwe kiboko cha kuchapia baba za watu peke yao," akasema. "Tumezunguka miaka hii yote tukidai ukweli kwenye boma za wenyewe. Ukweli ukifika kwetu tuufungie mlango? Na Mbithe je? Ukiiacha hii kaseti, ujue unamzika Nzuki mara ya pili." Akawasha gari, halafu akaongeza, kwa sauti ya chini kabisa, "Lakini hatuandiki neno kabla ya kumsikia baba mwenyewe. Hata mshtakiwa wa wizi wa kuku huulizwa."

Hilo ndilo kemeo ninalokusimulia. Sikulia siku hiyo, lakini nilitazama nje ya dirisha mpaka Machakos.

Hakukurupuka. Alitafuta kwanza wazee wengine wa kikosi kile, mmoja mmoja, kwa miezi. Wote walimkumbuka mpishi wao kwa upendo, na wote walisema bombom ilikuwa ya Nzuki. Ndipo tukaenda Katangi. Kinasa sauti alikiacha Machakos. Aliniomba nikae na mwaitu jikoni, nasi tukawa tunachagua mahindi ya muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda, huku wanaume wawili wakizungumza barazani. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Sauti zilitufikia.

"Nani amekuambia?"

"Mzee Mulwa, baba. Na wengine."

"Mulwa bado yuko hai?"

"Yuko hai. Anasema uji wako ndio ulimwokoa."

Nilidhani hapo mzee angelainika, lakini aibu iliyokaa miaka mingi ina meno. "Toka kwangu!" alinguruma. "Hiyo hadithi ndiyo ilikutia shule! Ndiyo ilikupeleka kwa wazungu! Leo umekuwa mkubwa unataka kunivulia nguo sokoni?"

"Sitaandika kitu usichokitaka, baba. Lakini kile kisicho kweli pia sitakiandika."

Mwaitu hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Mimi nilijua zamani," aliniambia kwa upole. "Mwaka mmoja niliugua. Akafunga mlango wa jiko akapika muthokoi. Nduku, mwanamume hawezi kuivisha muthokoi namna ile kama hajafundishwa mahali. Siri ya mtungi aijuaye kata." Akapepeta, makapi yakaruka. "Nilingoja aniambie. Hakuniambia."

Sasa angalia alichofanya mwalimu wangu, kwa sababu hapa ndipo nilipoanza kumheshimu kwa heshima isiyopungua. Aliitoa sura ile ya kwanza. Wachapishaji walipouliza kitabu kiko wapi, aliwajibu kwamba hakijawa tayari. Wakakasirika. Chuo kikapandisha wengine cheo, yeye akabaki. Mwenzake mmoja, kwa nia njema, alimshauri, "Andika tu 'inasemekana', Kyalo. Neno moja hilo linakuvusha." Akamjibu, "'Inasemekana' ni shuka ya kumfunikia maiti asijulikane ni nani." Mvua zikaja zikapita, za vuli na za masika, na kitabu kikalala.

Wala hakumsusia baba yake. Kila mwezi alikwenda Katangi na sukari yake, akaketi naye barazani, wakazungumza habari za ng'ombe. Hakurudia lile swali hata mara moja. Kuna watu, mwanangu, wakishaujua ukweli huutumia kama fimbo. Yeye aliuacha mlangoni kama mgeni mwenye subira, mpaka mwenye nyumba amkaribishe.

Kisha Mzee Mulwa akafariki. Profesa alipeleka habari Katangi kwa sababu ilikuwa haki baba yake ajue. Mzee Muthiani alisikia, akaingia ndani, akakaa. Alipotoka alikuwa amevaa lile koti la jeshi. "Mulwa amekufa akinisifu kwa kitu nilichokuwa naona haya," alisema. "Na mimi sikwenda hata kumwamkia. Nipeleke sokoni. Na yule msichana wako aje. Alisikia mwanzo, asikie na mwisho."

Ilikuwa siku ya soko. Mbithe alikuwa ameketi nyuma ya gunia lake la kunde, mama wa makamo, kitambaa cha bluu kichwani. Alipomwona mzee mbele yake alitaka kusimama kwa heshima. Mzee akamzuia kwa mkono, akavua kofia.

"Mbithe, baba yako hakufa kwa homa."

Akamwambia yote. Bombom, matope, kona ya mto. Alisema wazi, mbele ya wauza nyanya na wanunuzi waliokuwa wameanza kusogea, "Ile hadithi yangu ni ya baba yako. Mimi nilikuwa mpishi. Niliporudi nilikuja kumwambia mama yako, lakini kabla sijafika kwake nilikuta wanaume wanakunywa pombe ya kunikaribisha. Wakaniuliza nilifanya kazi gani. Nikasema nilipika. Wakacheka. Wakasema huyu alienda vita ya wanawake. Nikaona haya, nikawaambia ya Nzuki, nikaweka jina langu. Asubuhi yake sikuweza kurudi nyuma. Nikaenda kwa mama yako nikasema homa."

Mikono ya Mbithe ilikuwa ndani ya kunde, hakuitoa. Hatimaye akasema, "Miaka yote hii ulikuwa unakula sifa ya baba yangu hapa, mbele yangu?"

"Ndiyo."

"Watoto wangu walikuwa wanakuimba."

"Ndiyo, mwanangu."

Profesa alipiga hatua moja mbele, akarudi. Alitamani kumsaidia baba yake na akajizuia. Kisha Mbithe akauliza, sauti imebadilika, "Alipokufa alikuwa na nani?"

"Na mimi. Nilikuwa nimewaletea uji."

"Alikunywa?"

"Alikunywa kidogo. Akasema umeshika chumvi. Akataja jina lako."

Hapo ndipo Mbithe alipolia. Alifunga gunia lake bila kuuza kitu, akaenda nyumbani. Siwezi kukudanganya kwamba alisamehe siku ile. Lakini baada ya wiki kadhaa alifika mwenyewe kwa Mzee Muthiani, akaketi, akasema, "Niambie alikuwa anacheka namna gani." Akawa anakuja mara kwa mara. Mzee yule alimrudishia baba yake kipande kwa kipande: alivyoimba, alivyotembea, alivyochukia mchele. Wengine huomba msamaha kwa neno moja wakaenda zao. Yeye aliuomba kwa miaka iliyombakia.

Bila shaka wapo waliocheka. Watoto walimwita "Mpishi!" akipita, na hakukuwa tena na mtu wa kumpisha kivulini. Wazee wa ukoo wakamjia juu Kyalo: umemvua baba yako nguo, umeona wapi? Mzee Muthiani aliwajibu mwenyewe. "Hakunivua nguo. Amenivua koti ambalo si langu, na lilikuwa linanichoma." Tangu hapo akapika hadharani. Nimekula muthokoi yake, na nakuambia, jungu kuu halikosi ukoko.

Mzee akaridhia, kitabu kikatoka. Sura ya kwanza ilikuwa na watu wawili, Nzuki mwenye bombom na Muthiani mwenye debe la uji, kila mmoja na jina lake, na mwandishi alieleza waziwazi kwamba wa pili ni baba yake na kwamba alidanganya, na kwa nini. Wasomi wa mbali walikisoma kwa mshangao. Walikuwa wamezoea kuandika vita kama mchezo wa majemadari, na huyu Mkamba wa Yatta aliwaonyesha wapishi, wachukuzi wa mizigo, wachimba makaburi, wafua nguo. Alialikwa nchi nyingi. Cheo kilichochelewa kikaja. Maafisa wa jeshi letu wenyewe walimwita awafundishe, na inasemwa swali lake la kwanza kwao lilikuwa, "Mpango wenu ni mzuri. Nani atapika?"

Lakini sifa hazikumlevya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa na tembo likabaki lilelile. Wenyeji wake wa ng'ambo waliposimama kumtambulisha kama mtoto wa askari shujaa, alisahihisha kabla hawajaketi: "Mimi ni mwana wa mpishi." Alisomesha vizazi na vizazi, akasahihisha kazi zetu kwa penseli ili, alisema, nasi tupate nafasi ya kumsahihisha. Alipostaafu alihamia Katelembo akalima machungwa. Hata uzeeni, kijana yeyote aliyefika na swali alipewa kiti kwanza, kisha chai, kisha swali lake likarudishwa kwake likiwa limenyooshwa kidogo. Siku ya maziko yake, maofisa wenye nyota mabegani walisimama bega kwa bega na akina mama wa soko la Katangi, na sikuona aliyejiona mkubwa kuliko mwenzake.

Nami nilifundisha historia hapa Machakos mpaka nywele zikawa nyeupe. Nilifundisha kama nilivyofundishwa.

Basi, mwanangu, nimekuambia mengi kwa sababu kuna jambo nataka likukae. Siku hizi habari mnazirusha kwa simu kabla hazijapoa, na aliyetajwa huzisikia wa mwisho. Msifanye hivyo. Mtafute mtu, umsikie kwa kinywa chake, hata kama unadhani unajua atakalosema. Ukipima, pima kwa kipimo kimoja. Usiwe na pishi kubwa ya jirani na ndogo ya baba yako. Ukweli ukiukuta nyumbani kwenu una uchungu, usiukimbie, wala usiutupe usoni mwa wazazi wako kama maji ya moto. Ungoje nao. Anayengoja kwa upendo hachelewi.

Na usisafirie nyota ya mwenzio. Kazi yako, hata ikiwa ya kupika uji, yuko mtu ambaye imemweka hai. Itaje bila haya. Wanaokucheka leo kwa sababu hukushika bunduki hawajui nani atawalisha kesho mlimani.

Mungu akupe masikio mapana kuliko kinywa. Akupe mwalimu wa kukukemea bila kukuvunja, na wewe uwe wa namna hiyo kwa watakaokuja nyuma yako. Mkono wako ukiandika, uandike haki; ukipika, chakula kitoshe. Uende salama, urudi salama, na jina lako liwe lako mwenyewe. Amina.